Mererani: nawaelezaje wanafunzi kwa nini jiwe liko pale tu, na kwa nini watu wanagombana chini ya ardhi?

Mwl_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha jiografia kidato cha tatu hapa Arusha. Mwezi ujao tunapeleka wanafunzi 35 Mererani na sitaki warudi na sentensi moja tu, "tanzanite inapatikana Tanzania peke yake". Hiyo wanaijua tangu darasa la nne.

Naomba msaada kwa haya. Kwa nini jiwe liko pale na si Longido au Same? Kwa nini mitobozano, yaani migodi kutoboana chini ya ardhi, haiishi hata baada ya ukuta kujengwa kuzunguka machimbo? Fedha inapita kwa nani kabla jiwe halijafika kwenye pete? Na pale getini tunatakiwa kwenda na nini?

Kuna mwanafunzi mmoja kang'ang'ania kwamba tanzanite ililetwa na mlipuko wa Kilimanjaro. Anasema mlima si ule pale unaonekana? Bado sijapata jibu la kumnyamazisha kwa heshima.

---

Mwamba_Mgumu

Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe hongera kwa kutazama mlima, kisha mpe umri. Kilimanjaro kwa hesabu za miamba ni kijana, haina hata miaka milioni 5. Tanzanite ya Mererani inakadiriwa kuwa na miaka milioni 585 hivi. Mjukuu hawezi kumzaa babu. Pale mlima na mgodi vimekutana tu kama majirani waliohamia mtaa mmoja kwa nyakati tofauti.

Kilichotokea ni hiki. Zamani sana palikuwa na bahari, na chini yake tope lenye mabaki mengi ya viumbe. Tope la namna hiyo hukusanya kaboni, na pamoja na kaboni hukusanya vanadiamu, aina ya metali. Baadaye mabara yakagongana, tope likazama, likakandamizwa na kupikwa kwa joto kali. Kaboni ikawa grafaiti, ile nyeusi inayong'aa mliyo nayo kwenye penseli. Vanadiamu ikabaki imetawanyika humo. Kisha maji ya moto yakapita kwenye nyufa, yakaokota kalisiamu, aluminiamu, silika na vanadiamu kidogo, na kwenye mianya ya miamba iliyovutwa ikakatika vipande kama mnyororo wa soseji, fuwele zikaota. Madini yenyewe yanaitwa zoisaiti, nayo hupatikana nchi nyingi. Vanadiamu ndiyo iliyoitia zoisaiti ya Mererani ule ubuluu.

Kwa hiyo ukiulizwa "kwa nini si Longido", jibu ni kwamba yalihitajika mambo manne mahali pamoja: tope lenye vanadiamu, joto la kiasi chake, nyufa za kupitisha maji, na nafasi ya fuwele kukua bila kusagwa tena. Miamba mikongwe ya ukanda huu inaendelea kaskazini hadi Kenya na kusini hadi Msumbiji, na ndani yake kuna vito vingine vingi. Yote manne kwa pamoja yamekutana kwenye kipande cha vilima vya Lelatema chenye urefu wa kilomita 7 na upana wa 2 hivi. Hata ile ganeti ya kijani inayotoka Mererani, rangi yake inatokana na vanadiamu hiyohiyo.

Waambie wanafunzi waangalie mikono na viatu vya wachimbaji wanaotoka shimoni. Ule weusi wenye mng'ao wa fedha ni grafaiti, na ndiyo somo zima la jiolojia limekaa kwenye kiganja. Mchimbaji akiona mwamba mweusi unaoteleza unaanza kuingiliwa na meupe ya madini ya kalisaiti na kwatsi, anapunguza nyundo na kuanza kutumia mkono.

Jambo la ramani nalo usiliache. Mererani iko wilaya ya Simanjiro, mkoa wa Manyara. Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, ndiyo maana watu wazima bado wanasema "mawe ya Arusha". Uwanja wa ndege wa KIA, unaoupita ukienda huko, uko Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Mikoa mitatu ndani ya safari moja fupi, na kila mmoja unalidai jiwe kwa namna yake.

---

Kitalu_D

Hapo kwenye mitobozano nisaidie mimi. Wengi wanaeleza kama ugomvi wa tabia mbaya. Tabia ipo, lakini kwanza kuna hesabu, na hesabu hii inafaa darasani kuliko hotuba.

Chukua karatasi ya grafu. Viwanja vya wachimbaji wadogo kwenye Vitalu B na D, sehemu mbili kati ya nne za machimbo, viligawiwa kwa kipimo cha mita 50 kwa 50. Chora mstari wa juu wa ardhi, uweke alama kila baada ya mita 50 hadi mita 250. Hapo una majirani watano. Sasa chora mkanda wa mawe ukishuka kwa mshazari. Kurahisisha hesabu weka nyuzi 45. Anzia ukingo wa kiwanja cha kwanza. Ukifika kina cha mita 50 umeshatembea mita 50 mlalo, yaani umefika ukingo wa pili. Kwenye mteremko wenyewe umechimba mita 71 tu. Hatua inayofuata uko chini ya nyumba ya mtu.

Leseni inashuka wima kama kamba ya timazi. Mkanda unakwenda mshazari. Mchimbaji anafuata mkanda kwa sababu huko ndiko jiwe liliko, wala hakuna anayetoboa mwamba mtupu kwa mita mia kwa heshima ya mpaka asiouona. Migodi ya pale ina miaka mingi na imekwenda mita mia kadhaa. Piga hesabu wewe mwenyewe ni viwanja vingapi vimeshavukwa.

Ongeza mfumo wa malipo. Mwanaapolo (mchimbaji) wa kawaida hana mshahara. Mwenye leseni ana kiwanja, sponsa analeta chakula, dizeli, baruti, kompresa na winchi, na kundi la wachimbaji linachimba kwa mgawo. Kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 10 kwa kundi zima, ingawa kila mgodi una mapatano yake. Mgodi ukitema jiwe, wote wanakula. Usipotema, miezi mingi inapita kwa ugali na maharage ya sponsa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "simama, mpaka umefika" wakati mbele yake kuna meupe yameanza kuonekana, unamwambia aache ujira wa mwaka mzima.

Wapimaji wakiitwa kuamua, nako kuna kazi. GPS haifanyi kazi chini ya mwamba. Wanaanza na nguzo ya mpaka juu, wanashuka kwa futi ya kamba, dira na kipima mteremko, kituo hadi kituo, wakiandika urefu, mwelekeo na mshuko. Dira inadanganywa na mabomba ya chuma na winchi, na kosa dogo la nyuzi 2 kwenye mita 300 linakupeleka mita 10 pembeni. Kwenye kiwanja cha mita 50, mita 10 ni kesi nzima.

Sasa sikiliza kinachoua. Migodi ikishatobozana, inakuwa nyumba moja yenye milango mingi. Jirani akilipua bila kutoa taarifa, moshi wake unakuja kwako. Mvua ikiingia kwenye tundu lake, maji yanatokea kwako mahali usipotegemea. Mafuriko ya 1998 na ya 2008 yaliua makumi ya watu kwa mtindo huo, na Juni 2002 karibu watu 40 walikufa kwa kukosa hewa safi. Watu hutaja mvua na moshi. Mimi ningetaja kwanza matundu yanayounganika bila ramani.

Kosa moja linalorudiwa: watu hushuka na mshumaa kupima hewa. Mshumaa ukizimika unakuambia oksijeni imepungua, basi. Ile hewa ya sumu inayobaki baada ya mlipuko, kaboni monoksaidi, haizimi mshumaa na haina harufu. Unamkuta mtu amekaa kaegemea ukuta kama anayepumzika. Dawa yake ni kuacha kompresa au feni isukume hewa muda wa kutosha, kushuka na kipima gesi, na kukubaliana na majirani saa ya kulipua.

Na umeme. Grafaiti inapitisha umeme. Waya uliounganishwa kwa utepe wa plastiki uliochakaa, ukilala kwenye grafaiti yenye maji, ukuta mzima unakuwa waya. Wageni hawalijui hili, wanadhani mwamba ni mwamba.

---

Mama_Vito

Mwalimu, historia fupi kwa ajili ya ubao, maana bila hiyo ukuta hauna maana.

Jiwe lilijulikana 1967. Nani alilitangulia ni mjadala ambao hautaisha kijiweni. Kuna jina la Ally Juyawatu, Mmasai anayesemekana kuokota fuwele za buluu. Kuna Manuel de Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyeishi Arusha na kusajili viwanja mwaka huohuo. Na kuna Jumanne Ngoma, ambaye Serikali ilimtambua rasmi, na Rais Magufuli akamtunuku shilingi milioni 100 siku ya kuzindua ukuta. Mfundishe mwanafunzi atofautishe kuona, kusajili na kutambuliwa. Hayo ni mambo matatu na kila moja lina mtu wake.

Jina "tanzanite" lilitiwa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968. Inasimuliwa kwamba waliliogopa jina la zoisaiti kwa kuwa kwa Kiingereza linakaribia neno la kujiua. Mwaka 1971 machimbo yakataifishwa. Miaka ya 1980 watu wakamiminika bila mpangilio, na 1990 Serikali ikawaondoa na kugawa eneo kuwa Vitalu A, B, C na D: B na D kwa wachimbaji wadogo, C kwa mwekezaji mkubwa. Kwa hiyo kampuni yenye mashine na mtu mwenye nyundo wanafuata mkanda uleule, wakitenganishwa na mstari wa kwenye karatasi. Alichoeleza Kitalu_D kiwanja kwa kiwanja, kimetokea pia kitalu kwa kitalu.

Ukuta una kilomita 24.5 na ulijengwa na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Uliagizwa Septemba 20, 2017, siku ileile ya uzinduzi wa barabara ya lami ya KIA–Mererani, ukazinduliwa Aprili 6, 2018. Kazi yake ni kuzuia jiwe lisitoke bila kuhesabiwa. Mitobozano iko mita mia kadhaa chini ya ukuta, haihusiani nao hata kidogo. Jibu la swali lako la pili ndilo hilo, mwalimu.

Na ukizungumzia wanawake, usiishie kwa wale wanaochekecha kifusi nje. Kuna Pili Hussein, aliyevaa kiume na kuchimba Mererani kwa karibu miaka 10 bila wenzake kumgundua.

---

Fundi_Diski

Nitajibu ya fedha kupitia kazi ya mezani, kwa sababu bei inazaliwa kwenye kuchoma na kukata.

Rafu, yaani jiwe ghafi, inayotoka shimoni mara nyingi haina ule ubuluu wa kwenye picha. Ina ukahawia, wakati mwingine na wekundu au umanjano. Inawekwa kwenye tanuri la umeme na kuchomwa nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Ukahawia unaondoka, unabaki ubuluu na uzambarau, na rangi hiyo hairudi nyuma. Si ulaghai, sokoni kila mtu anajua kwamba tanzanite karibu zote zimechomwa.

Pa kuharibikia ni hapa. Jiwe lenye ufa au uchafu ndani, hasa tone la maji au kipande cha grafaiti, likipata joto kile cha ndani kinatanuka na jiwe linapasuka. Ndiyo maana fundi makini kwanza anasafisha, anakata sehemu zenye nyufa na kuliumba umbo la awali, kisha ndipo anachoma. Anafukia mawe kwenye unga wa plasta ndani ya kibakuli cha udongo, anapandisha joto polepole, anayaacha kwenye joto hilo kwa nusu saa hivi, anazima tanuri na kuondoka. Kufungua mlango ili uone rangi imekuwaje ni kulipiga jiwe kofi la baridi. Wengi wameua mawe mazuri kwa haraka ya dakika 20.

Kukata: tanzanite ambayo haijachomwa ina rangi tatu ukiigeuza pande tatu, yaani buluu, zambarau, na ile ya shaba au ukijani. Ikichomwa zinabaki mbili zinazoonekana vizuri. Upande wa buluu una bei, lakini kwa jinsi fuwele inavyokuwa, ukielekeza meza ya jiwe, yaani uso wake wa juu, upande huo unapoteza uzito zaidi. Ukiielekeza upande wa zambarau unabaki na karati nyingi zenye bei ndogo kwa kila karati. Fundi anakaa na jiwe mkononi asubuhi nzima kwa sababu hiyo. Kisha kuna ugumu wake: ni 6 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs na linapasuka kirahisi kwa upande mmoja. Ukilibana vibaya kwenye kijiti cha kulishikia wakati wa kukata, linaondoka kipande safi kama sabuni iliyokauka.

Wape wanafunzi hesabu ya karati. Karati moja ni gramu 0.2. Juni 2020 Saniniu Laizer aliuza mawe mawili, kilo 9.27 na kilo 5.103, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Hilo la kwanza ni karati 46,350. Halafu waulize: je, zitatoka pete zenye jumla ya karati 46,350? Hapana. Rafu kwa kawaida inapoteza zaidi ya nusu ya uzito wake kabla haijang'arishwa.

Njia ya jiwe ilikuwa hivi kwa miaka mingi: mwanaapolo, mwenye mgodi na sponsa, broka (dalali), dila (mfanyabiashara) mwenye leseni Arusha, kisha Jaipur nchini India kwa kukatwa, kisha Marekani. Ajira kubwa ya kukata ilikuwa Jaipur. Ndiyo maana 2010 ikazuiwa kusafirisha rafu inayozidi gramu 1, na ndiyo maana Kituo cha Jemolojia hapa Arusha kinafundisha ukataji. Sheria ya 2017 ikaweka mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, masoko ya madini yakafunguliwa 2019, na Julai 2021 Serikali ikaagiza biashara ya tanzanite ifanyikie Mererani. Agizo hilo liliwagusa mabroka wa Arusha mjini kuliko ukuta ulivyowagusa, kwa sababu broka anaishi kwa kusimama mahali mwenye jiwe na mwenye fedha wanapopishana. Ukihamisha makutano, umemhamisha na yeye.

---

Mwl_Njiro

Asanteni sana. Ile grafu ya mita 50 nitaitumia siku moja kabla ya safari. Fundi, swali dogo: wanafunzi wakionyeshwa "tanzanite" na vijana wa barabarani, nawafundisha kipimo gani cha haraka?

---

Fundi_Diski

Wafundishe kwanza wasinunue. Kipimo cha macho hakiwezi kukulinda mbele ya mtu anayeishi kwa kudanganya macho.

Lakini kwa elimu: geuza jiwe polepole juu ya karatasi nyeupe. Tanzanite itabadilika kutoka buluu kwenda zambarau. Kioo kitabaki rangi moja pande zote. Kuna jiwe la maabara liitwalo forsteraiti ambalo linafanana sana na linabadilika kidogo. Hilo litazame kwa lenzi ya mara 10 kupitia juu: kingo za nyuma utaziona mbilimbili, kama unaona wenge. Kwenye tanzanite hutaona hivyo kirahisi. Mwenye vifaa anapima kwa refraktometa, kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe: tanzanite inasoma 1.69 hadi 1.70, forsteraiti inaishia chini ya hapo. Yapo pia mawe halali ya rangi hafifu yaliyopakwa rangi juu. Hayo tazama kwenye kingo za mikato, rangi huanza kuchubuka hapo.

Na kama kuna mzazi mwenye pete, mwambie asiipeleke kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo wala mvuke. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini.

---

Simanjiro_Kwetu

La getini, kaka mwalimu. Barua ya shule yenye mhuri mwandikie Afisa Madini Mkazi wa Mererani, mapema, na uambatanishe orodha ya majina ya wanafunzi, walimu na dereva pamoja na namba ya gari. Usifike na wanafunzi 35 ukamtafute afisa siku hiyohiyo. Ndani ya ukuta ni eneo la ulinzi. Muulize na utaratibu wa soko ulivyo kwa sasa, maana maagizo hubadilika.

Njia ni Arusha hadi njia panda ya KIA, unakata kulia, unapita uwanja wa ndege, lami hadi mjini Mererani. Kwenye basi wapangie kitu cha kutazama: migomba na kahawa zinabaki upande wa mlima, na ukishashuka kusini unaingia nyika ya migunga na ng'ombe wa Kimaasai. Mgodi umeota katikati ya malisho. Mwenyeji wa pale alikuwa anahesabu ardhi kwa maji na majani, akaja mgeni anayehesabu kwa mita 50. Mjini utasikia Kimaasai, Kichaga, Kimeru, Kipare na Kiswahili chenye maneno ya mgodini kwenye meza moja ya nyama choma. Waambie wanafunzi waandike maneno hayo, ni kazi nzuri ya nyumbani.

Kutoka kuna upekuzi, wa kila mtu, na walimu wamo. Hakuna kuokota jiwe hata la kuwekea karatasi. Mtoto akiweka kokoto nyeusi mfukoni kwa ajili ya kabati la jiografia, mtachelewa saa mbili mkieleza. Kama mnataka vielelezo, ombeni kwa afisa, viandikwe.

Shimoni hawashuki, hilo halina mjadala. Viatu vya kufunika, maji lita moja na nusu kila mmoja, na wenye pumu wakae mbali na mahali panapochekechwa, kwa sababu vumbi lile lina silika. Ndiyo inayowaletea wachimbaji makovu ya mapafu, na mapafu yenye makovu yanashikwa na kifua kikuu kirahisi. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imewapima na kuwatibu wengi kutoka Mererani. Ukipata muda wa somo la pili, anzia hapo.

Mashati meupe ya shule msiyavae. Grafaiti haitoki kwa kusugua, inasambaa. Ikishaingia, kung'uta kwanza nguo ikiwa kavu kabisa, ndipo uiloweke.